Kisanduku cha Kumi na Tano

Kila mwaka, baridi ikikaza, serikali hutuletea watoto wa bahari. Si watoto wa kweli. Ni watu wazima wenye shahada mbili mbili, wengine wana ndevu hadi kifuani, na kila mmoja anajua kila kitu kuhusu kitu kimoja: huyu matumbawe, yule kinyesi cha nyangumi. Serikali huwapa ufadhili wa mwaka mmoja waje Washington wajifunze jinsi sera za bahari zinavyotengenezwa. Nawaita watoto kwa sababu wakija hawajui choo kiko wapi, na wakiondoka hulia.

Kabla ya kupewa ofisi hupitishwa kwenye wiki ya kuchaguana. Siku tano, ofisi ishirini, nusu saa kila ofisi. Wao wanapanga ofisi wanazozipenda, ofisi nazo zinawapanga wao, halafu Ijumaa majina yanasomwa na watu wanakumbatiana au wanakwenda kulia kwenye lifti. Nimeona posa zenye utulivu zaidi. Madaktari wa samaki hukimbia kwenye korido na viatu vipya vinavyowachuna visigino, na mimi, tarishi wa mojawapo ya ofisi hizo, kwa miaka thelathini na moja nimeweka plasta kwenye droo yangu ya juu kwa ajili ya wiki hiyo tu.

Hapo ndipo nilipomwona Arvid Tollefson. Alikuwa mrefu kupita kiasi, amevaa suti ya marehemu babu yake, na suruali ilikuwa imekata tamaa kidogo tu chini ya magoti. Alikuwa anachechemea.

"Mguu gani?" nikamuuliza.

"Yote miwili, Bi."

"Keti hapo, vua viatu. Mimi naitwa Loretta."

"Asante, Bi Loretta. Umeshakula mchana? Nina sandwichi nzima hapa, siwezi kula kwa woga."

Hiyo "Bi" niliipenda. Wengi pale huniita Loretta kavu, kana kwamba tulicheza nao utotoni. Nikachukua nusu ya sandwichi.

"Haya, mwanangu, unatoka bahari gani?"

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Ziwa, Bi Loretta. Ziwa Michigan, upande wa Wisconsin."

"Ziwa?"

"Ni kubwa sana. Ukisimama gatini huoni ng'ambo. Na sheria inalihesabu pamoja na bahari."

"Lina chumvi?"

"Halina."

"Basi hayo ni maji ya kunywa. Umekuja kutawala bahari na maji ya kunywa?"

Alicheka mpaka plasta ikabanduka. Alipotoka nikaenda kwa mkuu wa ofisi yetu, Daktari Harriet Loomis, nikamwambia amchukue yule mwenye suruali fupi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ameniuliza kama nimekula. Daktari Loomis huapa mpaka leo kwamba alimchagua kwa utafiti wake juu ya mayai ya samaki weupe wa ziwani. Mwache aape.

Mwaka ukapita vizuri. Arvid alijifunza kazi, akanunua suruali, akawa anapanda kwangu kila siku saa nne asubuhi na kikombe cha kahawa. Shida yake ilikuwa moja, na ndiyo shida ya watoto wa bahari wote: ufadhili ni wa mwaka mmoja, na mwaka una miezi kumi na miwili hata ukiuomba vipi. Mwaka ukiisha, ama upate kiti cha kudumu, ama urudi kwenu. Kwao, Arvid alikuwa anangojwa na mjomba wake Einar, mwenye duka la chambo. Mjomba Einar alikuwa ameshamtengea mahali pa kutundika shahada zake, ukutani, juu ya friji ya minyoo. Alikuwa hata amegongelea misumari.

Kwetu kulikuwa na kiti kimoja tu kilicho wazi, kile cha dirishani kinachotazama maegesho ya magari. Mwezi wa kumi na moja Daktari Loomis akamwita Arvid, nami nikiwa pale nabadilisha maji ya maua.

"Kuna kikao cha kamati ya Seneti juu ya bandari ndogo," akasema. "Nataka waraka wa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja, Arvid, si mmoja na robo. Ukipita salama, kiti ni chako. Usipopita, tutakuandikia barua nzuri ya kukushukuru."

Lazima niwaeleze habari za huyu mama, maana bila hivyo mtamwonea. Daktari Loomis ni mtu mwema na ana akili nyingi, ila ana haraka, na husoma kwa sauti chochote unachomtia mkononi. Siku ya kumuaga Bwana Gustafson aliyestaafu, nilimpa hotuba na kikaratasi pembeni. Akasoma hotuba yote, halafu akasoma na kikaratasi: "Usisahau kumtaja mkewe, wa sasa." Mke wa sasa alikuwa meza ya mbele. Wa zamani meza ya pili.

Na lazima nieleze mzunguko. Kwetu waraka hautoki mpaka uzunguke ofisi kumi na nne: wanasheria, wachumi, wanasayansi, watu wa takwimu, watu wa mambo ya nje, watu wa magazeti, na wengine ambao kazi yao siijui nami nimewapelekea barua tangu meno yangu yakiwa yote. Mbele ya jalada kuna karatasi yenye visanduku kumi na vinne. Kila ofisi inatia saini kwenye kisanduku chake, inarekebisha kidogo ili ionekane ilikuwepo, na inapitisha. Anayebeba jalada kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mimi.

Arvid akaandika vizuri sana. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa safi. Sehemu ya nne ilipaswa kuwa na mfano wa jamii ya pwani inayosimamia mambo yake yenyewe, na mfano huo ulikuwa uletwe na ofisi ya mkoani, ambayo haikujibu simu. Arvid akataka kujua kama ukurasa utatosha. Basi akachukua maandishi yoyote yenye urefu unaofaa, akayabandika pale kushika nafasi. Yaliyokuwa karibu ni barua pepe ya bibi yake, Bibi Solveig, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, aliyokuwa amemtumia asubuhi ile. Ilikuwa hivi:

"Weka ndoo ya maji juu ya moto wa kuni, nje, si ndani. Tia chumvi vikombe viwili na usiogope. Tia viazi vidogo, usivimenye, halafu vitunguu, halafu samaki mweupe aliyekatwa vipande. Povu na mafuta yakipanda juu, watu wote warudi nyuma hatua kumi, na mtu mmoja ambaye hajalewa amwage mafuta ya taa motoni. Moto utaruka, maji yatafurika na kuondoka na uchafu wote. Pakua haraka, mwagia siagi. Mjomba Einar asikaribie."

Ikatosha ukurasa, mpaka mstari wa mwisho. Arvid akafurahi, akaenda kuchukua kahawa. Aliporudi simu ilikuwa inalia, halafu kukawa na mkutano, halafu akabanwa na mkutano juu ya mkutano, na jioni akabonyeza kutuma. Kesho yake asubuhi jalada lilikuwa mikononi mwangu.

Lilizunguka wiki tano.

Liliporudi ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, na kikao cha Seneti kilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nikamwekea mezani. Visanduku vyote kumi na vinne vilikuwa na saini. Arvid akalibusu jalada. Kweli, alilibusu, nikamwambia hajui limepita kwenye mikono gani. Akafungua kusoma. Nikamwona uso unabadilika rangi kutoka juu kwenda chini.

"Bi Loretta."

"Naam."

"Bibi yangu yumo humu ndani."

Akaisoma Sehemu ya Nne kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Wanasheria walikuwa wamefuta "vikombe viwili na usiogope" wakaweka "chumvi, kwa kiasi kitakachoonekana kinafaa." "Mtu mmoja ambaye hajalewa" alikuwa amekuwa "mhusika aliye katika hali inayokubalika." Wanasayansi walimpa samaki jina lake la Kilatini. Wachumi walikuwa wameandika pembeni: je, viazi vimelinganishwa na wali? Watu wa takwimu walitaka kujua hatua kumi ni za mtu wa kimo gani. Watu wa mambo ya nje waliongeza, baada ya mafuta ya taa, "kwa kushauriana na washirika wetu," na wakauliza kama Einar ametia saini mkataba. Hata hivyo wanasheria walikuwa wameshamshughulikia Einar. Mstari wake sasa ulisema: "Baadhi ya wadau wanaweza kuwekewa mipaka."

Watu wa magazeti walikuwa wameandika neno moja tu: "Inagusa."

"Kumi na nne," Arvid akasema. "Ofisi kumi na nne, Bi Loretta. Wameweka mikato. Wamerekebisha mikato ya bibi yangu! Hakuna hata mtu mmoja katika jengo hili aliyeisoma?"

"Mimi niliisoma."

Akanigeukia.

"Nimeisoma siku ya kwanza," nikasema. "Nimeipika Jumapili ile, kanisani, wamama wakapenda. Mafuta ya taa sikuweka, shemasi alikataa. Lakini viazi havitoshi, mwambie bibi yako."

"Mbona hukuniambia?"

Sasa hapo nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Nilimwambia kisa ambacho sikuwahi kumwambia mtu pale. Mwezi wangu wa kwanza kazini, nikiwa binti mdogo, nilibeba jalada lenye mwaliko wa mkutano mkubwa wa tarehe thelathini na moja Septemba. Nikamwendea bwana mmoja mwenye tai, nikamwambia kwa adabu zote kwamba Septemba ina siku thelathini. Hakutazama karatasi. Alinitazama mimi, akasema, "Loretta, kazi yako ni kubeba." Basi nikabeba. Mwaliko ukaenda nchi nzima, na siku ya mkutano, ambayo haikufika, hakuna aliyehudhuria. Tangu hapo nimesoma kila kitu, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma na njia ni ndefu. Na sijasema neno.

"Visanduku viko kumi na vinne, mwanangu," nikamwambia. "Hesabu. Changu hakipo."

Arvid akavihesabu kwa kidole. Halafu akasema, polepole, "Samahani, Bi Loretta." Kisha akakurupuka na jalada akakimbia ghorofa ya pili kwa Bwana Clifford Oakes, mlinzi wa mzunguko, nami nikimfuata nyuma kwa magoti yangu haya.

Bwana Oakes ni mtu wa taratibu. Hukata sandwichi yake kwa rula. Alimsikiliza Arvid mpaka mwisho.

"Unaweza kufuta Sehemu ya Nne," akasema. "Hakuna anayekukataza."

"Asante! Asante sana, bwana!"

"Ukifuta, waraka umebadilika. Ukibadilika, unaanza mzunguko upya. Wiki tano."

"Lakini kikao ni kesho!"

"Basi usifute."

"Bwana Oakes, ni samaki wa kuchemsha! Mkuu wetu atasimama mbele ya Seneti ya Marekani aseme wamwage mafuta ya taa motoni!"

Bwana Oakes akavaa miwani, akatazama. Hakutazama Sehemu ya Nne. Alitazama visanduku. "Zimo zote," akasema, akamrudishia.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa walikuwa kumi na wanne na hakuna aliyekuwa anatazama mbele. Daktari Loomis mwenyewe alikuwa angani, anarudi kutoka mkutano wa Hawaii. Arvid alimpigia simu mara kumi na moja. Mimi nilimhesabia.

Asubuhi yake tulimngoja mlangoni mwa chumba cha kamati. Mimi kwa kawaida siendi, lakini nilisema nimeleta nakala za ziada. Arvid alikuwa amevaa tena suti ya babu yake. Kama ni kuzikwa, alisema, azikwe nayo. Daktari Loomis akaja mbio na koti mkono mmoja.

"Daktari," Arvid akaanza, "Sehemu ya Nne..."

"Imepitishwa?"

"Imepitishwa, lakini..."

"Zote kumi na nne?"

"Zote, lakini Daktari, tafadhali..."

"Basi imepitishwa. Kaa nyuma yangu, wakiuliza namba niandikie kikaratasi."

Akanipokonya nakala, akaingia. Nikamshika Arvid bega, tukaingia nyuma yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa seneta mzee wa jimbo ambalo maji yake makubwa ni ya bwawa la kuogelea. Alikuwa amefumba macho. Daktari Loomis akasoma Sehemu ya Kwanza, seneta akaendelea kufumba. Ya pili, ya tatu. Halafu akaingia ya nne kwa sauti ileile nzuri, ya mtu mwenye shahada tatu: "Weka ndoo ya maji juu ya moto wa kuni, nje, si ndani."

Seneta akafumbua jicho moja.

Daktari Loomis akaendelea. Ukimwangalia kwa nyuma ulikuwa unaona shingo yake inajua kuna jambo, lakini mdomo ulikuwa umeshashika kasi. Alipofika kwenye mafuta ya taa, kwa kushauriana na washirika wetu, mpiga picha mmoja alikaa chini sakafuni. Akamaliza na wadau kuwekewa mipaka. Nilisikia saa ya mkononi ya mtu ikienda.

Seneta akaisogeza maikrofoni. "Daktari, nina swali."

"Ndiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Chumvi. Umesema kiasi kinachofaa. Mke wangu akisikia kiasi kinachofaa hunitilia kijiko kimoja. Serikali inasema ni kiasi gani?"

Daktari Loomis akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, vidole vinaomba. Arvid akaandika kwenye kikaratasi: "Vikombe viwili kwa ndoo." Akasita. Nikamwona anafikiria lile duka la chambo, ile misumari miwili ukutani. Angeweza kunyamaza pale. Mbali na mimi na Bwana Oakes, hakuna mtu duniani ambaye angejua maandishi yale yalitoka wapi. Ofisi kumi na nne zingeapa kila moja kwamba ni ya jirani. Akakigeuza kikaratasi akaandika upande wa pili, akampa.

"Vikombe viwili kwa ndoo," Daktari Loomis akasoma. Na kwa kuwa ni yeye, akageuza, akasoma na upande wa pili, kwa sauti, mbele ya Seneti ya Marekani: "Kosa ni langu. Hili ni pishi la bibi yangu. Naomba radhi."

Nikafumba macho mimi sasa.

"Daktari," seneta akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na sita. Wamekuja hapa watu wa meli zilizozama, watu wa mafuta yaliyomwagika, watu wa madaraja yaliyoanguka. Hajawahi kuja mtu wa serikali akakaa hapo akasema, kosa ni langu. Wewe ni wa kwanza." Akaanza kupiga makofi. Kamati yote ikapiga makofi. Daktari Loomis akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, maana ungefanya nini tena?

Kwenye korido alimgeukia Arvid, ameshika kikaratasi kwa vidole viwili.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, Daktari."

"Na bibi ni wa nani?"

"Wangu."

"Mimi bibi yangu alikuwa hata chai hajui kupika," akasema. Akakitia kikaratasi mfukoni. "Tutazungumza."

Hawakuzungumza, kwa sababu kabla ya wiki kwisha kamati ilileta barua rasmi. Walitaka maelezo ya maandishi: pishi lile liliingiaje? Daktari Loomis akampa Arvid ajibu, na Arvid akajibu mistari mitatu. Aliandika kwamba yeye, Arvid Tollefson, aliweka maandishi ya bibi yake kushika nafasi, akasahau kuyatoa, na kosa ni lake peke yake. Akanisomea. Nilimwambia ni barua bora kuliko zote nilizowahi kubeba.

Lakini barua ni waraka, na waraka huzunguka.

Nikabeba. Mlango kwa mlango niliona watu wakisoma kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Walisoma kila neno, midomo ikicheza. Maana barua ile ilionyesha kwamba pishi lilipita hapo, kwao, wakalitilia saini. Wanasheria wakafuta "mimi." Wachumi wakafuta "kosa." Watu wa takwimu wakafuta "peke yangu," wakidai sampuli ni ndogo. Watu wa magazeti wakafuta "bibi," kwa huzuni. Baada ya wiki tano ikarudi hivi: "Katika maandalizi ya waraka, maandishi ya aina mbalimbali yalizingatiwa. Uratibu kati ya ofisi ulikuwa wa kuridhisha. Ofisi inamshukuru Bw. A. Tollefson kwa mchango wake."

Daktari Loomis akaisoma kwa sauti kwenye mkutano wa Jumatatu. Alipofika mwisho aliinua macho.

"Siwezi kumnyima kiti mtu aliyeshukuriwa na ofisi kumi na nne kwa maandishi," akasema. "Arvid, cha dirishani ni chako."

Watu wakapiga kelele, mimi zaidi ya wote. Lakini Arvid alikuja mezani kwangu saa nne na kahawa yake, na uso haukuwa wa sherehe.

"Nilisema kweli, Bi Loretta. Wameifuta yote."

"Umepata kiti. Hukitaki?"

"Nakitaka. Nimekililia." Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Bibi amepiga simu. Anasema kwenye televisheni Daktari alisoma vizuri, ila Einar amenuna. Nikamweleza habari yako, kwamba ulisoma siku ya kwanza. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, huyo mama anakaa dawati gani? Nikamwambia. Akasema, basi wewe mpumbavu, ulikuwa unapeleka karatasi kwa watu gani?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikufikiria tena jambo hilo.

Siku yake ya kwanza kwenye kiti cha dirishani, Arvid alitengeneza karatasi moja. Ilikuwa karatasi ya visanduku, ileile ya siku zote, ila chini kabisa palikuwa na kisanduku kimoja zaidi: "Loretta Gaines: amesoma." Na chini yake mstari mdogo: bila saini hii, hautoki. Akampelekea Bwana Oakes. Bwana Oakes akasema kubadilisha karatasi ya mzunguko lazima kupite kwenye mzunguko.

Nikaibeba mwenyewe. Sikufungua jalada, kwa mara ya kwanza, maana Arvid aliitia karatasi ndani akaniomba nisifungue. Mlango wa kwanza, saini. Wa pili, saini. Wanasheria waliongeza mkato. Wachumi hawakuinua kichwa. Walikuwa wamesharudia tabia yao, barua ya maungamo imepita, hatari imekwisha, na katika siku tatu tu visanduku kumi na vinne vilijaa na hakuna aliyeuliza kitu. Nikairudisha kwa Bwana Oakes. Akakagua saini kwa rula yake, moja baada ya nyingine. Akafika chini. Akasimama.

"Kuna moja haijajazwa," akasema.

"Ya nani?"

Akanigeuzia karatasi.

Arvid alikuwa amesimama mlangoni, anazuia kicheko kwa mkono. Nyuma yake Daktari Loomis, na nyuma yao watu wa magazeti, ambao wakisikia jambo linagusa huja bila kuitwa. Bwana Oakes akanipa kalamu, yake mwenyewe, ile ya chuma ambayo hamwazimi mtu.

Sikutia saini. Nilivuta kiti chake nikakaa. Nikatoa miwani kwenye mkoba, nikaifuta vizuri, nikaanza mstari wa kwanza kabisa juu, pale penye tarehe.

Dakika zikapita. Simu ya mtu ililia ikazimwa haraka.

"Bi Loretta," Bwana Oakes akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita Bi katika miaka thelathini na moja, "bado?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nasoma."